Kumi na Mbili Haijafika

Baba mkwe wangu sikumpenda siku zile, na sioni sababu ya kujidai nampenda leo kwa kuwa amekonda na anatembea akishika ukuta. Nasema mapema ili asitokee mtu akanishangaa mbele ya safari. Anayetaka hadithi ya wakwe wanaolishana kwa mikono aende nyumba ya pili.

Mzee alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa asiyejua, masjala ni kile chumba cha ofisi ambako kila barua inayoingia hupigwa muhuri, hupewa namba, hutobolewa tundu na kufungwa kwenye faili, na ambako mtu anaweza kuota mvi akisubiri faili lake lionekane. Alistaafu yeye, masjala haikustaafu. Alihamia nayo nyumbani. Sebuleni aliweka kabati la chuma la kijivu ambalo ofisini walikuwa wanalitupa, akalitia kufuli, ufunguo akaufunga kwa uzi kiunoni. Hati ya nyumba, vyeti vya kliniki, dhamana ya redio, kadi ya chanjo ya mtoto wangu, vyote humo, kila kimoja na namba yake. Nikitaka kumpeleka mtoto sindano, sharti niombe kadi siku moja kabla. Nilikuwa nikimwambia mama mkwe kwamba iko siku mzee atatupiga muhuri na sisi, naye alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, enzi hizo bado ana uso wa kucheka pande zote mbili.

Mume wangu ni mtoto wao wa pekee. Vita ilipopamba moto akachukuliwa jeshi la majini, akapangiwa kazi ya pampu kwenye manowari, mimi nina mimba ya miezi mitano. Chumba chetu cha kupanga tukakirudisha kwa mwenyewe, nikahamia kwa wakwe na godoro langu kichwani. Kwenye fomu za jeshi baharia aliruhusiwa anwani moja tu ya nyumbani, naye akaandika ya baba yake. Kwa hiyo barua za mume wangu, zenye maneno yangu ndani, zilikuja kwa jina la mzee, na mimi nilizisikia kama watu wanavyosikia taarifa ya habari.

Barua za vitani hupotea, zingine huchelewa. Ndiyo maana baba na mwana walikubaliana kila barua iandikwe namba juu, ijulikane ipi imefika na ipi imekwama. Nadhani mzee alilifurahia wazo hilo kuliko alivyoifurahia harusi yetu. Barua ikifika, anaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA aliokuja nao kutoka ofisini, anavaa miwani, tunakaa mezani, anasoma kwa sauti ya kazini. Namba moja yote ilikuwa kutapika. Namba mbili ilisema: "Hapa tunalala kwenye vitanda vya turubai vinavyoning'inia, na wa juu yangu ni mpishi, mtu mnene haswa. Nikifa, mjue si adui aliyeniua." Kwenye namba tatu mume wangu aliuliza kama tumbo langu limeshaniziba nisione miguu. Mstari ule mzee aliuruka kwa aibu, nikaja kuuona mwenyewe nilipokuwa napangusa meza.

Kisha namba tano ikafika kabla ya namba nne. Mzee hakuona neno, akaifungua. "Mguu unaendelea vizuri," akasoma, "daktari amesema haukatwi tena." Mama mkwe akainuka kwenye kiti. Akasema, "Mguu gani?" Akaanguka. Ilikuwa kiharusi. Alilala hospitali siku tisa, akarudi mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto hauinuki. Siku mbili baadaye namba nne nayo ikaingia taratibu, haina hata haraka: amekanyaga msumari, kidole kimevimba, na kwa kuwa hatulii kitandani daktari anamtania kwamba ataukata mguu mzima.

Siku hiyo mzee akapitisha sheria. Barua haifunguliwi mpaka iliyotangulia imefika na kusomwa. Ikiruka namba, inakaa kabatini ikisubiri mwenzake. Mimi sikubisha. Ndiye niliyekuwa namwogesha mama mkwe na kumfunga vifungo vya gauni, ningebisha nini? Na hili nalisema kwa haki, maana najua wapo watakaosema mzee alikuwa mwehu. Hakuwa mwehu. Sheria ilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa imeketi pale kwenye kochi ikishindwa kushika kikombe.

Namba sita mpaka kumi na moja zilikuja kwa foleni, hakuna iliyomsukuma mwenzake. Katikati yake nikajifungua mtoto wa kike. Baba yake akaandika: "Nielezeni masikio yake. Kama ni ya babu yake, kofia ya kuyafunika itafutwe mapema." Mzee alimkubali mjukuu haraka kuliko alivyonikubali mimi. Alimwita "mchumba wangu", akamwimbia, akamkataza kuolewa na mtu mwingine. Kadi yake ya chanjo, hata hivyo, ilibaki kabatini, na mimi niliendelea kuiomba siku moja kabla.

Hiyo kadi ndiyo iliyonitibua. Siku moja mtoto ana homa, kliniki wanaitaka kadi, mzee ameenda kunyoa na ufunguo wake kiunoni. Nilisubiri saa nzima na mtoto anachemka begani. Jioni yake nikaketi kumjibu mume wangu namba kumi na moja, na kalamu ikanipita. Nilimwandikia kwamba amenitupa kwenye nyumba ya mafaili akaenda kuning'inia kwenye turubai. Nikamwambia akirudi atanikuta kwetu, na kama hana la kusema juu ya hilo, basi asirudi kabisa. Niliipeleka posta Jumatano, Alhamisi nikaijutia. Mtu aliye vitani haandikiwi asirudi. Lakini posta haikurudishii barua kwa kuwa umelala ukaamka na akili zako.

Zikapita wiki tatu kimya. Nilikuwa sina raha. Kiwandani, ambako nilikuwa nashona makwapa ya sare za jeshi, nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, msimamizi akaniuliza kama tunawavisha kaa.

Jumatatu moja bahasha ikaja. Mzee akaigonga muhuri, akainua miwani, akaishusha, akaelekea kabatini.

"Baba, mbona huifungui?"

"Ni ya kumi na tatu. Kumi na mbili haijafika."

"Ni nene hiyo. Ina kitu ndani."

"Kitu hicho kitakuwepo hata wiki ijayo, mkwe."

"Nataka kujua kama amenikasirikia, Baba. Basi. Mstari mmoja."

"Imepokelewa. Kufunguliwa ni jambo lingine." Akazungusha ufunguo. "Wewe umemsahau mama yako alivyoanguka? Mimi sijamsahau."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ya pili ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, ilipokuja namba kumi na nne. Safari hii nilikwenda kwa adabu zote. Nilimwandalia chai, nikamwekea na mto mgongoni, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mwenyewe nikajionea haya. Mama mkwe naye, kwa ule mdomo wake wa nusu, akasema, "Mfungulie, bwana." Mzee akamgeukia. "Nimfungulie, uanguke tena? Nikuzike?" Mama mkwe akainamisha kichwa. Chai akainywa yote, barua akaifungia.

Sasa mtu ataniuliza kwa nini sikuuiba ufunguo. Ufunguo ule hakuuvua hata bafuni. Na kuvunja kabati la mkwe wako ni kuaga kabisa kwenye nyumba hiyo, nami nilikuwa nimeshatishia kuondoka mara moja na nilikuwa naogopa jibu la tishio lenyewe.

Jumatano ikaja ya kumi na tano, bahasha nyembamba, karatasi moja tu. Nilipomwona anaelekea kabatini nayo nikamzibia njia. Hapo nilimtolea uvivu. Nilimwambia barua zangu si mali yake. Nilimwambia ameikosa ofisi sasa anatufanya sisi ndio wateja wa dirishani. Nilimwambia, "Wewe si baba, wewe ni kufuli," na majirani walikuwa wameshasogea madirishani, maana niliona pazia za pande zote mbili zinacheza. Mzee hakupandisha sauti.

"Siku mama yako akifa kwa barua," akasema, "utamfufua wewe?"

"Na mume wangu je? Akifa yeye hujazifungua?"

Nilitamka hivyo. Mama mkwe akaanza kulia, mtoto akaitikia, na mzee akanipita ubavuni akaifungia kumi na tano pamoja na wenzake.

Kesho yake, Alhamisi, zamu yangu ilikwisha saa nane mchana. Mlangoni nikapishana na dada mmoja wa zamu ya jioni, mshona vifungo, ambaye mumewe ni fundi wa injini kwenye manowari ile ile. Si rafiki yangu, tulikuwa tukisalimiana tu. Siku hiyo hakunisalimia. Alinitazama juu mpaka chini.

"Nyie watu mna roho ngumu," akasema.

"Kwa lipi tena?"

"Mwanaume kasimama getini siku mbili. Jumamosi na Jumapili. Sisi wenzako tunakumbatiwa, tunapigwa picha, yeye anachungulia barabara. Hata kama mmegombana, dada, si ungemletea mtoto amwone?"

"Geti gani? Unazungumza nini?"

"Usinifanye mimi mjinga. La bandari ya jeshi. Meli iliingia kutengenezwa. Kila baharia kapewa kibali atume nyumbani, kimewekwa ndani ya barua. Ningekuuliza nini wakati nilijua tutaonana huko huko?"

Nilimshika mkono, nadhani nilimwumiza. "Meli bado ipo?"

"Jumapili niliiacha pale," akasema, na uso wake ukabadilika. "Ina maana hamkukipata?"

Nilimwachia mkono. Nilikwenda nyumbani kwa miguu yangu nikiwa nimesahau viatu vya kazini havitoki nje ya kiwanda. Mzee na mama mkwe walikuwa barazani wanaota jua, mtoto yuko mapajani mwa babu yake. Niliwapita bila kuamkia. Jikoni nikachukua nyundo, nikaingia sebuleni, nikaanza kulipiga kufuli.

Mzee akaja mbio za kizee, mtoto begani. "Mkwe! Mkwe! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Kaiitie serikali!"

Kufuli lilikuwa gumu kama mwenyewe. Nililipiga mpaka vidole vikafa ganzi, na mzee muda wote amesimama nyuma yangu, hakunishika, anasema tu, "Kumi na mbili haijafika. Mkwe, kumi na mbili haijafika." Likakatika. Nilizivuta zote tatu, nikaichana bahasha ya kumi na tatu, na kadi ikaanguka sakafuni. Kadi ngumu ya rangi ya maziwa, yenye muhuri wa jeshi: *Mke na mtoto mmoja. Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.* Tarehe zake zilikuwa za Jumamosi na Jumapili zilizopita.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, ameegemea fremu. "Soma," akasema. Nikasoma mimi, nikiwa nimesimama, kwa sauti.

"Baba, shikamoo. Namba kumi na mbili usiisubiri. Niliiandika nikiwa na hasira na mke wangu, imejaa matusi, na nilipoisoma tena niliona haya nikaichana, nikaitupa majini. Namba yenyewe sikuirudia kwa barua hii, maana wewe ulinifundisha kwamba namba iliyoharibika haipewi karatasi nyingine. Mwambie mke wangu barua yake ilinikata maini lakini kuhusu kabati ana haki, na mimi nitaongea nawe. Natuma kibali. Aje na mtoto, tuyamalize uso kwa uso."

Mtoto alikuwa akivuta sikio la babu yake. Mzee alinyoosha mkono kuichukua barua, sikumpa.

"Namba iliyoharibika," akasema polepole, "huandikwa kwenye rejesta. Alitakiwa atoe taarifa."

"Taarifa si ndiyo hii, Baba! Kaitoa! Iko mstari wa kwanza!"

Alikaa chini. Si kwenye kiti, alikaa chini sakafuni pale pale, na mjukuu wake mkononi, na mimi sikumsaidia kuinuka. Niliendelea kusoma. Kumi na nne ilikuwa fupi. Ilisema geti limebadilishwa, si la kwanza ni la pili, upande wa karakana. Ameazima pasi ya mpishi na shati lake limenyooka. Nisivae viatu virefu kwa sababu ya kokoto.

Kumi na tano sikuisoma kwa sauti. Iliandikwa jina langu ndani, na ilisema hivi:

"Mke wangu, nimekuelewa. Uliniambia kama sina la kusema nisirudi. Nilikuwa nalo, nikasimama nalo getini siku mbili. Mlinzi alinionea huruma akaniletea kiti. Wenzangu wamemaliza kunicheka, sasa wananipisha njia kama mfiwa, na hilo ni baya zaidi. Mtoto mlee utakavyoona. Ukienda kwenu sitakufuata. Hii ni ya kumi na tano, na ya kumi na sita sitaandika."

Treni ya bandarini ilikuwa moja kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi. Usiku huo sitausimulia. Kulipokucha nilimfunga mtoto mgongoni, na nilipotoka nje nikamkuta mzee amesimama kwenye ngazi na koti lake la ofisini, lile la kifungo kimoja, kofia mkononi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumwambia mwenyewe."

Sikutaka aje. Ningekuwa na nguvu ya kugombana ningemrudisha, lakini nilikuwa nazitunza. Tulikaa tumetazamana saa nne nzima. Mama mmoja aliyekaa jirani akamchekea mtoto, akasema mjukuu kafanana na babu yake kama pacha. Nikamwambia Mungu apishe mbali. Mama wa watu akageukia dirishani na mzee akajifanya hakusikia.

Geti la pili, upande wa karakana, lilikuwa kama mume wangu alivyoeleza, na kokoto kweli zilikuwepo. Mlinzi aliichukua kadi, akaisoma pande zote.

"Hii imeisha muda, mama."

"Najua. Nataka kujua meli tu. Nionyeshe meli."

"Imeondoka jana, saa kumi na moja jioni." Akamwangalia mtoto, kisha mimi, kisha mzee. "Wewe ndiye wa yule niliyempa kiti?"

Niliichukua kadi yangu. Saa kumi na moja ya jana nilikuwa nimesimama sebuleni na kumi na tano mkononi. Hata kama kufuli lingekatika kwa pigo la kwanza nisingewahi. Lakini Jumatano ningewahi. Jumatano, siku niliyopiga kelele mpaka majirani wakaja madirishani, mtu akizungusha ufunguo wake mara moja, kesho yake asubuhi ningepanda treni na saa nne ningekuwa hapa, mtoto ananyooshewa mikono na baba yake. Nilimgeukia mzee. Nilimwambia neno ambalo halisemwi kwa mkwe, na sitaliandika hapa, na mlinzi akatazama pembeni.

Mlinzi ndiye aliyetuambia kuhusu dirisha la posta ya jeshi. Mfuko wa barua za meli ile ulikuwa unafungwa saa sita mchana, ukaifuate kwenye bandari nyingine. Baada ya hapo hajui tena lini. Mpaka tulipolipata na kumaliza foleni, ilikuwa imebaki nusu saa. Karani wa dirishani alinipa karatasi moja na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

"Upande mmoja tu," akasema. "Na usitaje meli."

Mzee alimchukua mtoto nipate kuandika. Akasimama karibu na bega langu.

"Utamwandikia nini?"

"Ukweli."

"Yuko vitani, mkwe." Sauti yake ilikuwa ya chini, karani asisikie. "Kule mtu anahitaji kitu kimoja cha kuegemea. Mwambie barua zilichelewa njiani. Zinachelewa, kila mtu anajua. Nitakuja kumwambia mimi mwenyewe akirudi."

"Na asiporudi?"

Akamhamishia mtoto bega la pili.

Niseme nisifiche, kwa dakika moja nililifikiria. Lilikuwa jepesi, mistari miwili na kazi imekwisha. Lakini nilimjua mume wangu. Barua tatu zichelewe zote, kisha zifike zote siku moja, mkewe ajibu siku ya pili? Angeniamini nusu, na hiyo nusu nyingine ingemla huko aliko. Na zaidi ya hapo sikutaka kumfichia mzee kosa lake. Nilikuwa na hasira naye na bado ninayo. Nikaandika kwamba sikuziona barua. Nikaandika kwamba baba yake alizifungia akiisubiri kumi na mbili, na kwamba nimevunja kabati, na kwamba niko getini sasa hivi na mtoto wake, na masikio ni ya babu. Nikaandika nampenda, nikaandika arudi, arudi hata kama hana la kusema.

"Nisomee," mzee akasema.

"Ya nini?"

"Limetajwa jina langu. Nisomee."

Nikamsomea, kwa sauti ya kumkomoa, karani naye asikie. Nilipofika pale nilipoandika, "Nilimwomba baba mara tatu afungue, akanikatalia mara tatu," akainua mkono.

"Hapo si kweli."

Nilijiandaa kummeza mzima mzima. "Si kweli nini? Jumatatu hukunikatalia? Ijumaa je? Jumatano?"

"Ni mara nne." Alikuwa anamtazama mtoto, siyo mimi. "Jumamosi asubuhi. Nilikuwa kwenye kiti, gazeti usoni. Ulikuja ukasimama mbele yangu, ukasema, 'Baba, naomba nione mwandiko wake tu, kwa nje.' Nilikuwa macho."

Nikakumbuka. Nilimkuta amelala, au nilidhani amelala. Nilingoja kidogo, kisha nikatoka kwa ncha za vidole nisimwamshe, na huko jikoni nikamwambia mama mkwe mzee amechoka, tupunguze sauti. Ilikuwa Jumamosi ile ya kibali. Mume wangu alikuwa na kiti cha mlinzi kule getini, na treni ya Jumapili asubuhi ilikuwa bado haijaondoka.

"Nilisikia unavyotembea," mzee akasema. "Nusura nikuite. Kisha nikasema moyoni, nikimfungulia leo, atajua kila siku naweza kumfungulia. Andika nne. Na andika kwamba nilikuwa macho."

Karani wa dirishani alikuwa ameshika saa yake mkononi. Nikakata tatu, nikaandika nne. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo pembeni, nikabana humo habari ya gazeti kwa herufi ndogo, nikaikunja karatasi, nikaipitisha dirishani, na mfuko ukafungwa mbele yetu. Sasa ni miezi miwili, na kama imemfika sijui. Mzee aliniuliza pale pale kama nitamsamehe. Nikamwambia anipe mtoto, ana njaa.